Kumbeba Bokilo

Nilikuwa na miaka arobaini na sita nilipoanza kunyanyua vyuma, na sikuanza kwa ajili ya afya wala urembo. Nilianza kwa aibu. Watu wakisikia leo kwamba mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kitambi na miwani, alijifunza kunyanyua vyuma mjini Bunia wakati wa vita, wanacheka. Wacheke. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini hilo nimelizoea.

Nieleze kwanza aibu yenyewe. Nyumbani kwetu, mtaa wa Ngezi, tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe wangu, ambaye sisi tunamwita bokilo. Alikuwa ametoka kijijini, upande wa Djugu, na mguu uliovunjika ukaungwa vibaya. Hakuweza kwenda zaidi ya hatua kumi bila kushika ukuta. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkulima, mwenye mikono mipana kuliko yangu. Na kwetu bokilo ni mtu wa haya. Mkwe wa kiume hamgusi. Hali chakula mbele yake, naye hali mbele ya mkwe. Huangalii sahani yake. Akiwa na neno kwako anampa binti yake, binti ndiye analileta, hata kama kati yenu kuna pazia tu. Tuliishi hivyo miaka miwili, yeye nyuma ya pazia la maua mekundu, mimi mbele yake, na tuliheshimiana sana.

Siku mapigano yalipoingia mtaani mara ya kwanza, tulikimbilia upande wa Shari. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Aliingia nyuma ya pazia, akamfunga mama yake mgongoni kwa kikwembe, kitenge chake, akatoka naye. Mimi nilibeba godoro. Nalirudia kwa sababu ndilo linaloniuma: mimi, mwanaume, nilibeba godoro. Nilijiambia desturi hainiruhusu kumgusa bokilo, na ilikuwa kweli. Ila kulikuwa na ukweli wa pili chini yake. Hata kama desturi ingeniruhusu, nisingefika naye barabara kubwa. Mikono hii ilikuwa imebeba chaki miaka ishirini na miwili.

Siku tatu baadaye, huko Shari, mimba ikatoka. Mke wangu hakunilaumu. Alilala ubavu akiangalia ukuta, akasema tu, "Mara ingine sitaweza." Ningependa angenitukana. Tuliporudi Ngezi mgongo wake ulikuwa umekwisha. Bidoni ya maji, yaani dumu, ilimshinda hata kuiinua kwenye ngazi ya mlango. Na hakuna mtu mtaani aliyedhani kwamba mara ingine haitakuja. Kila tuliposikia mlio wa mbali, mke wangu alinitazama mimi, kisha akatazama pazia. Swali lilikuwa wazi: watakaporudi, nani atambeba mama?

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na fundi wa magari, mzee aliyekaribia miaka sitini, mwenye shingo nene na sauti ndogo. Ujanani alikuwa mnyanyua vyuma. Malori yalipoacha kuja mjini hakuwa na kazi tena, akabaki uani kwake, nyuma ya ua wa matete, na vyuma vyake: mhimili wa lori, magurudumu mawili ya chuma ya injini, na makopo ya maziwa ya unga aliyoyajaza simenti. Shule yetu nayo ilikuwa imefungwa. Nilimwendea asubuhi moja nikamwambia nataka kupata nguvu.

"Nguvu ya nini, Mwalimu?"

"Ya kubeba mizigo tu," nikasema. Nilidanganya, sikuweza kutaja bokilo mbele ya mtu mwingine.

Alinipa mti wa ufagio. Mti mtupu. Akaniambia niuweke mabegani, nichuchumae polepole, nisimame, mara tano. Nilikasirika. Nikamwambia mimi si mtoto.

"Mutoto wa mwaka wa kwanza unamuanzisha na dikte?" akaniuliza. "Ao unamuanzisha na a, e, i?"

Nilijua imla si ya mwaka wa kwanza. Alipoingia ndani kutafuta maji ya kunywa, niliutupa ule mti, nikauinamia mhimili wenye makopo mawili, nikauvuta juu kwa ubishi wangu wote. Nilisikia kitu kikikatika kiunoni. Fundi alipotoka alinikuta nimepiga magoti, paji la uso kwenye mavumbi, miwani huko. Hakucheka. Alinipeleka nyumbani kwa hatua za bibi harusi, nikalala kifudifudi juma zima. Siku ya pili mke wangu alikuja na neno kutoka nyuma ya pazia.

"Mama anauliza kama ni malaria."

"Mwambie ni malaria," nikasema.

Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni kila mwaka. Niliporudi kwa Fundi niliuchukua mti wa ufagio bila kuambiwa. Siku za kwanza mapaja yaliniuma hata chooni nilishuka kwa kushika ukuta, na kupanda ilikuwa shughuli nyingine. Fundi alinifundisha mambo ambayo nilidhani mtu huzaliwa akiyajua. Kwamba mzigo hauvutwi kwa mgongo, bali wewe unasukuma udongo kwa miguu. Kwamba kabla ya kuinua unavuta pumzi na kukaza tumbo, na pumzi huiachi mpaka umefika juu. Kwamba unafanya kazi leo, kesho unapumzika, kwa sababu nguvu inaingia siku ya kupumzika. Kwamba kila juma unaongeza kidogo, kidogo sana, hata ukiona unaweza zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Kila asubuhi niliamka nikihesabu: je, kama ni leo?

Na kulikuwa na sheria moja zaidi uani pale: chuma kisilie. Tulitandika magunia ya maranda chini, tukaweka chuma kama unavyomlaza mtoto. Hatukuhesabu kwa sauti. Watu wenye bunduki walikuwa wakipita mitaani kutafuta wanaume wa kubeba masanduku ya masasi, risasi zao, na walichagua kwa macho, kwa mabega. Aliyechukuliwa, mara nyingi hakurudi. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kile kile ambacho kingeweza kuniua. Mabega yangu yalipoanza kujaa, nilianza kuvaa koti la marehemu baba yangu, pana, hata jua likiwa kali. Jirani mmoja akaniuliza kama nina homa.

"Ni malaria," nikamwambia naye pia.

Fundi alinionya jambo lingine. "Chuma bila maharagi ni kujichimbia kaburi," alisema. Nilimweleza mke wangu, nusu kwa utani, maana maharagi yenyewe yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Lakini tangu juma lile sahani yangu ikaanza kujaa. Kijiko kimoja zaidi, viwili zaidi. Nilifurahi, nikala. Sikuuliza yanatoka wapi.

Mwezi wa tatu wa mazoezi nilikuwa natoka sokoni na muhogo, nikakuta bariere mpya njiani, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Wanaume wanne wenye bunduki. Mmoja wao, mkubwa wao, akaniambia nioneshe viganja. Vyuma vilikuwa vimeniachia sugu chini ya kila kidole.

"Weye ni mwalimu, unasema. Chaki ndiyo inafanya hivi?"

"Siku hizi ninalima," nikasema.

Alinitazama koti, akalivuta begani, akaangalia. Kisha akanionesha sanduku la mbao kando ya njia. "Nyanyua."

Nililitazama lile sanduku, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba naliweza. Nilijua kwa macho tu. Kilo hamsini, labda kidogo zaidi, mishikio mizuri pande zote mbili. Miguu yenyewe ilitaka kujipanga. Ndipo nikafanya kila alichonikataza Fundi. Nilisimama mbali, nikaukunja mgongo, nikaachia tumbo, nikashika kwa ncha za vidole. Nililiinua shubiri moja, likaniponyoka, nikaanguka nalo, na kilio nilichokitoa hakikuwa cha uongo, maana lilinikwangua muundi.

Walicheka sana. "Muzee ya bure," mkubwa wao akasema, akanipiga teke la kiuno na kunifukuza. Muhogo walibaki nao. Nilikwenda nikichechemea mpaka kona, na baada ya kona niliendelea kuchechemea mpaka nyumbani, kwa woga kwamba kuna anayeniona.

Kesho yake nilimwambia Fundi ukweli. Nilimwambia juu ya Shari, juu ya mimba, juu ya godoro. Nikamwambia mzigo ni nani. Alisugua shingo yake.

"Ungesema mbele ya kuanza," akasema. "Chuma haina haya. Bokilo iko na haya. Chuma ukiibeba inatulia. Mutu anatetemeka, anavuta huku, anaogopa masasi, anakukaba shingo. Nilikuwa nakufundisha mizigo ingine kabisa."

Tukaacha mhimili. Alishona gunia akalijaza mchanga bila kulishindilia, mpaka likawa linalegea na kumwagika upande, akanifunga nalo mgongoni kwa kikwembe cha marehemu mke wake. Kilo sitini, kwa makisio yake. Siku ya kwanza nilizunguka ua mara mbili nikaangukia matete ya ua wake. Mwisho wa mwezi nilikuwa nazunguka mara arobaini, na alikuwa akinivuta lile gunia kwa nyuma bila kunionya, kushoto, kulia, ili nizoee.

Upande wa nguvu nilikuwa naona njia. Upande wa haya hakukuwa na njia. Mke wangu alimfikishia mama yake shauri la mimi kumbeba, nami nikiwa mbele ya pazia nikijifanya ninashona viatu. Nilisikia jibu lote.

"Muniache hapa," bokilo alisema. "Nitakufa na heshima yangu. Mukwe hawezi kunishika miguu mbele ya wajukuu wangu."

"Mama, mimi siwezi tena."

"Najua huwezi. Ndiyo maana nasema muniache."

Mke wangu alitoka akilia, akanipita. Niliwaka moto. Nilitaka kulirarua pazia lile, nimwambie kwamba heshima haizuii risasi. Lakini nilibaki na kiatu mkononi, kwa sababu hata hasira yangu ilimwonea haya. Siku kumi zikapita hivyo, ninabeba mchanga asubuhi na sijui nitambeba nani. Siku ya kumi na moja mke wangu alinijia jikoni.

"Mama anauliza, kuku iko wapi?"

Kwetu mkwe akimgusa bokilo, hata kwa bahati mbaya, analeta kuku wa kuosha haya. Huletwa baada ya kosa. Yeye alikuwa anamtaka kabla. Nilielewa, nikakaa chini kwenye kinu. Kuku wakati ule alikuwa haonekani mjini. Nilitoa viatu vyangu vya kufundishia nikapata jike moja jembamba. Alichinjwa, akapikwa kwa mawese, akapelekwa nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Watoto walitoka huko midomo ikimeta mafuta. Nilifikiri, vizuri, bibi amewaonjesha.

Juma lililofuata nilikwenda kwa Fundi nikakuta mlango wa ua uko wazi na mhimili umelala kwenye udongo mtupu, nje ya magunia. Yeye asingeuweka hivyo. Jirani yake alisema walikuja asubuhi mapema, wakamwambia avue shati, wakamchukua. Hakurudi. Nimemsubiri miaka mingi na bado nasema hakurudi, sisemi neno lile lingine. Nilibeba gunia la mchanga mpaka kwangu, na kila asubuhi nikazunguka nalo uani peke yangu. Sikuwa tena na mtu wa kulivuta kwa nyuma. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya kila nilipopita, lakini nilijua kuna anayehesabu mizunguko, kwa sababu nikiacha mapema mke wangu alikuja kuniambia, "Mama anasema leo ni makumi tatu tu."

Wapiganaji walirudi saa mbili asubuhi, siku ya jua. Mizinga ilianza upande wa mlima, kisha bunduki ndogo ndogo zikawa karibu, kisha jirani zetu wakaanza kupita mbio bila kusalimia. Watu walisema: uwanja wa ndege, kuna kambi huko, wanapokea watu. Mke wangu alimfunga mtoto mdogo mgongoni, wakubwa wakashika mafurushi. Nikavua koti la baba. Nikalisogeza pazia na kuingia, mara ya kwanza katika miaka miwili.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ameufunika kwa kitambaa, na kwenye mapaja kikwembe kimekunjwa tayari, mafundo yameanzwa. Nilimpa mgongo nikachuchumaa. Mikono yake ikanipita shingoni, mke wangu akafunga kikwembe, akakaza. Nilivuta pumzi. Nikakaza tumbo. Nikausukuma udongo kwa miguu, kwa nguvu ya kilo sitini na zaidi, kama nilivyofundishwa.

Niliruka juu mpaka nikagonga kichwa kwenye boriti. Nilidhani hakupanda. Nilidhani kikwembe kimefunguka na yeye amebaki kitandani. Niligeuza shingo, na shavu lake lililofunikwa lilikuwa pale pale begani kwangu. Mbavu zake nilizihisi moja moja mgongoni, na mapaja niliyoyashika yalikuwa mfupa na ngozi. Yule mwanamke mkubwa hakuwepo. Nilikuwa nimembeba mtu wa kilo thelathini na kitu, labda hata hizo hazikufika.

Hasira ilinipanda kichwani. Nani amemnyima mama huyu chakula ndani ya nyumba yangu? Lakini ukuta wa jirani ulipigwa, vumbi likatufunika, tukatoka. Tulitembea zaidi ya saa nzima. Tulipita mambo ambayo sitayaandika. Mara mbili tulilala mtaroni, mara mbili nikasimama naye bila kushika kitu, na yeye hakunikaba shingo hata mara moja. Miguu yangu haikuchoka. Niliichukia kwa kutokuchoka kwake.

Kambini tulipata nafasi chini ya turubai, familia nne kwa turubai moja. Nilimweka mama chini, nikamvuta mke wangu kando, nikamuuliza kwa meno yaliyobana. Aliangalia chini.

"Alinikataza kukuambia. Alisema, mubebaji akule, mubebwa apunguze. Alisema weye unafanya kazi yako asubuhi kwa Fundi, na yeye iko anafanya kazi yake."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema mambo ya maharagi." Kisha akaniangalia usoni. "Ulifikiri yanatoka wapi?"

Sikuwa nimefikiri. Miaka ishirini na miwili nimewauliza watoto wa watu maswali, na hilo moja sikuliuliza, kwa sababu sahani ya bokilo haiangaliwi. Nilimheshimu mpaka akabaki mifupa. Nililia palepale, kati ya watu, na sikuona haya hata kidogo.

Jioni walitugawia maharagi, beseni moja kwa familia. Hakukuwa na pazia. Bokilo aliugeukia ukuta wa turubai, akausukuma mgao wake nyuma kwa mkono. "Mupe mubebaji," alimwambia binti yake.

Nilihama nilipokuwa nimekaa, nikaenda kuketi mbele yake, kati yake na turubai. Nikazungumza naye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Mama, miye nilijifunza na gunia ya kilo makumi sita. Siku ya kurudi nyumbani nitakubeba tena, na sitaki kubeba mutoto. Nataka kubeba mama muzima. Kula."

Bokilo akakivuta kile kitambaa kutoka usoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona macho kwa macho. Ulikuwa uso wa mke wangu, umechoka zaidi.

"Basi weye pia kula," akasema. "Na usiniangalie mudomo."

Tulikula beseni moja, vichwa vimeinama. Tangu kesho yake nilimbeba kila asubuhi mpaka kwenye jua na jioni nikamrudisha, na chakula akala mbele yangu. Miezi ilipita. Asubuhi moja, nikisimama naye, magoti yalinitetemeka na ikanibidi nipumzike katikati ya njia. Nilimwita mke wangu aliyekuwa anafua. Nikamwambia, mama ameanza kuwa mzito.